Komeo, Beki wa Kushoto wa Kiwanda cha Sabuni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Komeo kuliko jina lolote alilopewa na wazazi wake, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza wa kiume, wa mpiga kengele wa stesheni na mkewe aliyeshona magodoro. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kulia. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, kimya. Alipompiga la pili, mtoto akafungua jicho moja, akamtazama mkunga, akalifunga tena. "Nikajua huyu hatakuwa mtu wa kelele," mama alisema, na hakukosea.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 katika shule ya msingi iliyopakana na reli, ambako kila treni ilipopita mwalimu alinyamaza na darasa zima likanyamaza naye. Alimaliza darasa la nane mwaka 1965. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Somo alilolipenda ni jiografia, na hata uzeeni aliweza kuuchora mpaka wa bara zima kwa kidole juu ya meza yenye vumbi, akikosea visiwa tu. Mwalimu wake wa jiografia, ambaye pia alikuwa kocha wa timu ya shule, ndiye aliyempa jina. Kijana huyo hakupenda kupiga chenga wala kukimbia na mpira. Alisimama upande wake wa kushoto, na mawinga wa shule nyingine walifika hapo wakaishia hapo. "Huyu si mchezaji," mwalimu alisema. "Huyu ni komeo la mlango." Jina likaganda.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kwenye chumba cha kukatia. Kazi yake ilikuwa kusukuma mabamba ya sabuni iliyopoa yapite kwenye nyaya zilizoyakata kuwa miche. Baadaye alihamishiwa stoo, na alistaafu mwaka 2006 akiwa msimamizi wa stoo hiyo. Harufu ya kiwanda haikumtoka. Bibi yetu anasema hakuhitaji mumewe abishe hodi. Harufu ilitangulia, yeye akafuata.

Kiwanda kilikuwa na timu, na marehemu aliichezea kuanzia mwaka 1970 hadi 1987, misimu kumi na minane, bila kuhama na bila kufunga goli hata moja. Sisi wajukuu tulimchokoza sana kwa hilo. "Babu, hata moja? Hata la bahati?" Alijibu kwa utulivu wake uleule: "Mimi nilikuwa mlinzi. Mmeshaona mlinzi wa benki akitoka na hela?"

Wenye umri mkubwa kati yenu mnakumbuka jinsi uwanja ule ulivyokuwa ukijaa. Watu waliimba majina ya washambuliaji na ya kipa. Beki wa kushoto hakuimbiwa. Hata hivyo kulikuwa na sauti moja, kali kama ya msumeno, iliyomwita yeye tu kila wiki. "Mtoeni Komeo! Komeo gani hili, hata paka anafungua! Mtoeni huyo!" Kipindi cha kwanza ilitoka upande huu wa uwanja, kipindi cha pili, timu zilipobadilishana upande, ikatoka ule. Marehemu aliamini ni genge la watu, na kwamba huenda wapinzani ndio waliolituma. Hakuwahi kuwaona. Katika umati ule nani angeweza kumwona nani?

Tarehe 16 Agosti 1975 alimwoa bibi yetu, aliyekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Bibi alimtambua kwa sababu ndiye mfanyakazi pekee aliyerudisha sahani yake dirishani mwenyewe, akaisukuma taratibu ili isilie. Miezi ikapita ya sahani tu. Siku alipomposa alisema sentensi moja: "Mimi sichelewi kurudi nyumbani." Bibi anasema aliisubiri sentensi ya pili, na kwamba alikuwa bado anaisubiri mpaka wiki iliyopita. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Sasa tunaomba mtuvumilie tuseme kidogo kuhusu mechi ya kumuaga, kwa sababu ni siku ambayo watu humu mtaani wameikumbuka kwa kumhurumia, na yeye hakutaka kuhurumiwa.

Ilichezwa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987. Wiki nzima kabla ya siku hiyo marehemu alikuwa hali chakula vizuri. Bibi alimuuliza kinachomsumbua, akidhani ni goti. Marehemu akamjibu, "Nimecheza miaka yote hii. Nataka nijue tu kama kuna mtu aliniona." Hakutaka zaidi ya hapo.

Aliyepanga tarehe, na tumemsamehe, hakukumbuka kwamba saa hiyohiyo timu ya taifa ilikuwa ikicheza ugenini na mechi ingetangazwa redioni. Katika chumba cha kubadilishia nguo kipa alichungulia mlangoni, akarudi akaketi.

"Wamejaa?" marehemu akamuuliza.

"Wanaingia ingia."

"Wanaingia au wameingia?"

"Komeo, funga viatu."

Walipotoka, jukwaa la saruji lilionekana lote, ngazi kwa ngazi, kama siku ya kufagiliwa. Watu waliokuja wasingejaza basi moja, na walikaa mbalimbali, kila mmoja kana kwamba amekuja kumngoja mtu mwingine. Wengi wao walikuwa na redio ndogo sikioni. Bibi aliketi katikati na watoto, amevaa nguo aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Ametuambia kwamba alitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu yake, bali kwa sababu alijua mumewe anatafuta nini kule juu.

Kipindi cha kwanza kikielekea mwisho, marehemu aliruka akaupiga kichwa mpira wa hatari, ukatoka nje. Papo hapo jukwaa likalipuka kwa shangwe. Watu walisimama, wakapiga makofi na miluzi. Marehemu akasimama pia. Katika misimu kumi na minane hakuwahi kushangiliwa hivyo. Taratibu, akauinua mkono kuwashukuru.

"Shusha mkono, Komeo!" Ilikuwa ile sauti. "Hiyo ni redio! Timu ya taifa imefunga!"

Jukwaa zima likacheka. Hata mwamuzi alicheka. Bibi hakucheka. Alimkabidhi mtoto mdogo kwa mkubwa, akashuka ngazi moja moja mpaka kando ya mstari, alipoketi mwanamume mmoja mwembamba juu ya kigoda alichokuja nacho.

"Wewe baba, huna haya? Mume wangu anaagwa leo. Hata leo?"

"Kwani leo amegeuka mchezaji mwingine, shemeji?"

"Shemeji yako nani?"

"Miaka yote hii namtukana mumeo kila wiki. Kama huo si undugu, ni nini?"

Bibi anakiri kwamba alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Kilichomwokoa mwanamume yule ni filimbi ya mapumziko. Akasimama, akakwapua kigoda chake, na akaanza kuzunguka nyuma ya goli kuelekea upande wa pili. Marehemu, ambaye alikuwa akielekea chumbani na wenzake, alimwona akipita peke yake kwenye uwanja ule mtupu. Akasimama.

"Kumbe ni wewe peke yako?"

"Peke yangu ndiyo. Ulidhani nina ofisi?"

"Nilidhani ni genge."

"Genge la nini? Wewe mtu mmoja anakutosha."

"Na mbona unahama?"

"Wewe ukihama upande, mimi nibaki kule namtazama nani?"

Marehemu akamtazama mikono. "Huna redio?"

"Ninayo. Nimeiacha nyumbani. Mtu hawezi kutukana vizuri huku anasikiliza redio."

Mwanamume huyo alikuwa kinyozi, mwenye kibanda upande wa pili wa soko, na Kinyozi ndivyo familia yetu imemwita tangu siku hiyo. Alikiweka kigoda chini na kuanza kumhesabia marehemu makosa yake. Mechi ya mvua, mwaka sabini na nne, winga mfupi alimpita mara mbili na yeye akajifanya ameteleza. Mechi ya sikukuu, alirusha mpira wa kurusha ukamfikia adui. Nusu fainali, alisahau kurudi. "Wewe hujui kurudi, Komeo! Unakwenda mbele kama mtu aliyetumwa dukani, kisha unasahau nyumbani ni wapi!"

Kisha akashusha sauti. "Halafu ule mpira wa mwaka themanini na moja. Ule uliotolewa kwenye mstari wa goli, watu wakambeba kipa mabegani mpaka barabarani. Kipa hakuugusa mpira ule. Lilikuwa goti lako."

Marehemu aliinama akalishika goti. Jambo hilo alikuwa amemwambia bibi tu. Magazeti yalimsifu kipa, kipa mwenyewe aliamini ni yeye, na marehemu hakuona sababu ya kumwondolea furaha yake. Goti lilivimba siku nyingi naye akasema ameanguka kazini.

"Uliona?" aliuliza.

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikutukane," Kinyozi alisema. "Nikaufunga."

Marehemu hakwenda chumbani mapumziko hayo. Alipanda ngazi za jukwaa mpaka bibi alipokuwa amerudi kuketi, kiatu alichovua bado kikiwa mkononi mwake, akamwambia polepole: "Mama watoto, kuna mtu aliniona."

Kipindi cha pili, wanaokumbuka wanasema, alicheza kama kijana. Na kila alipougusa mpira, uwanja mtupu ulijaa sauti moja: "Mtoeni! Mtoeni huyo!" Mwisho wa mechi alitakiwa kuzunguka uwanja akiwapungia mashabiki. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kigoda. Kinyozi akamtazama kichwani. "Jumatatu njoo nikunyoe. Hizo nywele zinafanana na uchezaji wako."

Ndivyo ulivyoanza urafiki uliodumu kuliko timu yenyewe, ambayo ilivunjwa miaka michache baadaye. Marehemu hakunyolewa tena na mtu mwingine. Kinyozi alikula mezani kwetu, alilaumu chumvi, aliwapa watoto majina ya utani ambayo wengine bado wanayo, na alimkosoa marehemu katika kila jambo, tangu anavyotia kuni jikoni mpaka anavyosaini jina lake. Wageni walidhani wanagombana. Bibi aliwaambia, "Waacheni. Wanasalimiana."

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa hospitalini akitoka na kurudi, na kila Ijumaa Kinyozi alifika kando ya kitanda na mkoba wake, akamfunga kitambaa shingoni na kumnyoa. Katika siku za mwanzo alikuja na maneno ya upole. Marehemu alimshika mkono. "Sikiliza. Wewe ukianza kunionea huruma, nitajua nimekwisha." Kinyozi akaahidi. Wauguzi wa zamu walishtuka mara nyingi kusikia mgonjwa mahututi akitukanwa, kisha wakashangaa kumwona akicheka. Ijumaa ya mwisho, marehemu akiwa hawezi tena kujilisha, Kinyozi aliinama sikioni pake akasema, "Komeo, nasikia siku hizi hata kijiko kinakupita." Kila mtu chumbani alikiona kifua chake kikitikisika kwa kicheko. Ahadi haikuvunjwa.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kinyozi alipewa habari kwa simu, akafika na mkoba wake ingawa haikuwa Ijumaa. Alisimama mlangoni mwa chumba na hakuingia. Tulizoea sauti yake kufika mpaka kwa majirani, lakini asubuhi ile waliokuwa karibu naye ndio waliomsikia. "Mrudisheni," alisema. "Jamani, hajachoka huyu. Mrudisheni." Bibi aliinuka, akamshika mkono na kumwingiza ndani, na hapo Kinyozi akamnyoa marehemu mara ya mwisho, taratibu, bila kumkosoa jambo lolote.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Ameacha pia Kinyozi, ambaye kwa agizo la bibi ameketi leo mstari wa mbele pamoja na familia, juu ya kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa alikataa kiti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi nyote mliofika. Wapo waliosimama nje ya geti kwa kukosa nafasi ndani, na tunawaomba radhi. Angewaona, angeuliza mmekuja kumngoja nani.

Babu, tumekuja kwa ajili yako, na leo hakuna mwenye redio. Lala kwa amani. Tulikuona.