Fundi Subiri na Droo ya Mama Mkwe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja ambao viti vyenu bado viko uani kwetu, familia imemteua mdogo wa marehemu awasomee historia hii, si kwa sababu ana sauti ya kusomea, bali kwa sababu ndiye pekee aliyekutwa na suti iliyopigwa pasi, na anaomba mumvumilie.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Subiri, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1957, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mshonaji, katikati ya masika, katika chumba ambacho, kwa maelezo ya mama yetu, ilibidi kitanda kihamishwe huku na huku kukimbia matone, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa na ugomvi na maji.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, ambako walimu walimkumbuka zaidi kwa kutengeneza madawati kuliko kwa kuyakalia, na baada ya sekondari akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu useremala Novemba 1977, kisha akaajiriwa katika karakana ya samani za ofisi, akawa anaunda meza zinazofanana kama sare za shule, hadi siku alipotumwa kutupa kabati bovu la zamani, akaondoka nalo asubuhi na kurudi nalo jioni, akamwambia msimamizi wake kwamba amelitafutia jalala linalolistahili lakini hakuliona.

Mwaka 1984 alifungua karakana yake mwenyewe uani, akawa mkusanyaji na mtengenezaji wa vitu vya kale, kazi ambayo kalenda yake haikuwa ya miezi bali ya mvua na jua, kwani masika ndipo watu walipohama nyumba zinazovuja na kutaka kuachana na vitanda vya bibi zao, naye hakujua kukataa, basi vitu vikajaa uani, vikaingia sebuleni, vikafika jikoni, na hakuna hata kimoja kilichoweza kutengenezwa, kwa kuwa mbao imevimba na gundi haikauki, tukabaki tunaangaliana na makabati, kisha kiangazi kikiingia, msasa ukaanza kulia, vanishi ikanukia mtaa mzima, wanunuzi wakaja na magari yao, nyumba ikawa nyeupe, tukala vizuri, mpaka wingu la kwanza. Kila aliyekuja kuulizia kiti chake wakati wa mvua alijibiwa neno moja, subiri, na jina likamganda.

Neno hilo hakuzaliwa nalo, alifundishwa na droo. Aprili 1985 alikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti aliyempenda, mvua ikiwa imepamba moto, akamkuta mama mkwe mtarajiwa akipigana na droo ya juu ya kabati lake jekundu, kabati alilorithi kwa mama yake, droo imekwama haitoki, na kijana kwa kutaka sifa akachomoa randa kwenye mfuko, akaikwangua pande zote mbili hadi ikateleza kama sabuni, ukumbi mzima ukampigia makofi, akapewa binti kabla hajamaliza chai. Kiangazi kikaja, mbao ikasinyaa, droo ikawa inacheza kama jino la mtoto, na ujumbe ukamfikia kutoka ukweni: “Mwambieni mkwe droo yangu imekonda, alikuwa anailisha nini?”

Walifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1986, na hata siku hiyo shemeji zake walimwomba asiguse mlango wa ukumbi. Mama mkwe aliendelea kuibana droo ile kwa kitambaa kilichokunjwa, hakuruhusu fundi mwingine aisogelee, akisema aliyeiharibu yu hai na ana mikono miwili, na alipofariki mwaka 1999 kabati likahamia kwa binti yake, pamoja na kitambaa chake.

Kwenye ndoa hiyo marehemu alijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni kinyozi, waliokulia katikati ya vitanda vya watu, wakajifunza kutokalia kiti kabla ya kuuliza kama kimekauka, huku mama yao akiuliza kila masika, “Baba, hii nyumba ni yetu au ni ya stuli?” naye akijibu kwamba anatafuta kipande cha kurudishia ile droo, maana mbao mpya isingefaa, ingevimba kivyake na kusinyaa kivyake, ilihitajika nyekundu ya umri uleule, iliyokwisha kuzoea misimu, na ndiyo maana kila alicholetewa alikipindua kwanza akakinusa chini, kama daktari wa ng'ombe.

Hapa msomaji wenu anaingia, akiwa dereva wa malori ya masafa marefu, aliyevuka mipaka mingi na kupigwa katika kila mmoja, kwani kila safari alimletea kaka yake kitu cha kale, ikiwemo saa ya karne nyingi yenye sehemu ya betri, na marehemu hakuwahi kumcheka, alizipanga zawadi zote kwenye rafu moja ambayo shemeji yetu, mkewe, aliiita makumbusho ya waliopigwa. Mwaka jana akaleta kigoda cha chifu, kilichong'arishwa kwa kiwi mpaka kikachafua suruali ya kila aliyekikalia, marehemu akakipindua, akanusa, akanusa tena, kwa maana matapeli waliokiuza walikuwa wameunga miguu ya kigoda chao kwa kibao cha takataka, na kibao hicho kilikuwa chekundu, cha kale, chenyewe hasa. Akamshika mdogo wake bega, akasema, “Umeibiwa vizuri sana.”

Februari mwaka huu aliikata ile mbao vipande viwili vyembamba, akavibandika kwenye droo, akaipaka mafuta, lakini akakataza isifunguliwe mpaka masika ilowe sawasawa, kwa kuwa kiangazi droo yoyote hujifanya nzuri, naye asingeondoka duniani akiwa na deni la maranda kwa mama mkwe. Shemeji akaweka ndani shati jeupe la sherehe la mumewe, akafunga.

Maradhi ya kifua yaliyokuwa yakimsumbua tangu 2021 yalimzidi, akalazwa tarehe 2 Aprili, na kila alipotembelewa hakuulizia dawa, aliulizia mvua, shemeji akamjibu, “Inanyesha, baba, na wewe ndiye utakayeifungua.” Haikuwa hivyo. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei, alfajiri, mvua ikipiga juu ya bati.

Siku ile ile lilitakiwa shati la kumvika. Shemeji alisimama mbele ya kabati, sisi tukiwa nyuma yake, akashika kishikio kwa mkono mmoja, akavuta, droo ikasita kidogo kama mtu anayeulizwa jina, kisha ikaja, taratibu, bila kelele. Akairudisha ikafunga. Akaifungua tena, akaifunga tena, akicheka na kulia pamoja, akasema, “Mama, umeona?”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, majirani waliokuwa wakikimbia na maturubai kufunika mali za watu kila wingu lilipotanda, na mafundi wenzake waliounda jeneza hili, wakaacha nafasi ya mbao kuvimba, kama alivyowafundisha. Wenye viti, vitatolewa kiangazi, mnajua utaratibu.

Kaka, shati ulilovaa limetoka kwenye droo ya mama mkwe, masika, kwa mkono mmoja. Hakuna tena cha kusubiri. Pumzika kwa amani.