Ripoti ya Jengo Linalojipoza

Mkutubi wa chumba cha nyuma, yule anayebandika namba kwenye vitabu na ambaye wanafunzi hawamjui hata sura, alikaa basini nyuma ya watu wawili wasiojuana, akajifanya anasinzia. Masikio hayakusinzia.

"Nimeiomba mara nne ile ripoti ya umeme wa jengo jipya la chuo," binti wa uhandisi alikuwa akimwambia fundi umeme aliyekaa naye. "Kompyuta inasema ipo. Nikifika kaunta naambiwa imeazimwa. Nani anaazima kurasa mia nne kwa miezi mitatu?"

"Mwenye sababu," akajibu fundi. "Hilo jengo mlilolisifu kwamba linajipoza lenyewe, mita yake naisoma mimi. Linabugia umeme kuliko lile la zamani."

"Basi hapa kuna mkono wa mtu. Namshuku mkuu wa maktaba."

"Ah, mdogo wangu! Mkubwa habebi kitu mwenyewe. Mkubwa hutuma."

Mkutubi akakohoa, akauvuta mkoba kifuani. Kutumwa si kosa, alijiambia. Na yeye aliambiwa ripoti inakwenda kujalidiwa tu. Ila nyumbani kwake hakuna anayejalidi vitabu.

Basi likasimama. Binti akageuka, akamwona anahangaika kuinuka.

"Shikamoo, mama. Lete nikushushie huo mkoba, unaonekana mzito."

"Marahaba. Acha tu, mwanangu," akasema mkutubi, ukanda wa mkoba ukimkata bega. "Ni nguo."