Bwana Nyuki Mathayo Donati na Ndugu Yake wa Msowero

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, majirani na ndugu mliokuja kutusitiri, mimi Gerald, shemeji wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama alivyotaka mwenyewe, bila kuficha.

Mathayo Donati alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Vidunda, akasoma shule ya msingi hukohuko milimani, kisha sekondari mjini Kilosa, akahitimu mwaka 1977, na mwaka 1980 akaajiriwa idara ya misitu kama bwana nyuki, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2018.

Mwaka 1984 alipelekwa masomoni Poland, akaishi miezi kadhaa Kurpie, eneo la kale la hukohuko lenye misonobari na udongo wa kichanga, ambako wazee walichonga mizinga ndani ya miti iliyosimama, wakaipanda kwa kamba, na Jumapili ya Matawi walibeba kanisani matawi ya maua ya karatasi marefu kupita paa la nyumba. Alituchosha kwa hadithi za Kurpie, tukamtania kuwa ni Mzungu wa Vidunda, lakini mila moja aliyofundishwa na wenyeji wake hakuifanyia mzaha, kwamba nyuki wa mtu wakihamia kwa mwenzake, watu hao wawili wamekuwa ndugu hadi kufa.

Tarehe 3 Oktoba 1987 alifunga ndoa na dada yangu Agnesi hapa Mikumi, wakajaliwa watoto wawili, Joyce mwaka 1989 na Elia mwaka 1993. Mwaka 1996 nyuki wa mizinga aliyokuwa ameitundika kijijini Msowero walihama, wakaingia kwenye mti wenye pango karibu na boma la mfugaji Kitashu, naye badala ya kurina asali yao kimyakimya alimletea marehemu kibuyu cha asali ya kwanza, na siku hiyo Mathayo alimwita ndugu mbele yetu sote, wakaishi hivyo, hata Elia alikua akimwita Kitashu baba mkubwa.

Tarehe 9 Desemba 2014 Elia aliuawa Msowero katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, baada ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga. Kitashu hakuwepo, wala ng'ombe hawakuwa wake, lakini alipokuja msibani marehemu alimfukuza, na tangu hapo hawakusalimiana tena. Lilituuma sana, ila uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani angemkemea?

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mjini Morogoro, hadi Jumapili tarehe 8 Juni 2025 aliponituma nimwite Kitashu, akisema amemtoza ndugu yake damu ambayo hakuimwaga. Kitashu alikuwa na mifugo mbali, maporini ng'ambo ya Kilangali, simu haikupatikana, Jumatano saa kumi jioni marehemu akakata roho macho yakiwa mlangoni, na Kitashu akafika Alhamisi asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa misitu waliochimba kaburi kwa mikono yao, hatuna cha kuwalipa. Katika kuweka udongo, baada ya mjane na Joyce, atafuata Mzee Kitashu, ambaye namwona amekaa kule nyuma barabarani, naye ataweka kama ndugu wa damu, ndivyo marehemu alivyotuagiza. Shikamoo mzee, tunakuomba usogee mbele.

Mathayo, ndugu yako amefika, pumzika kwa amani.