Sensa Mpya, Taa Ileile

Kijiwe cha Ezra pale Nyamongo ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, mkabala na gereji ya Nashoni, na hakuna jambo la dunia hii lililowahi kulishinda benchi hilo. Hapo mechi zimechezwa upya hadi aliyefungwa akashinda, na wagonjwa wametibiwa bila kuonekana. Jumanne hiyo mgonjwa alikuwepo: RAV4 ya kijani ya nesi Tabitha wa Itiryo, gari la zamani lenye roho ngumu, ndilo linalomfikisha kwa akina mama waliozidiwa na uchungu kabla ya kufika zahanati. Nashoni alikuwa amelifungia sensa mpya ya oksijeni wiki iliyopita, kisha ya pili asubuhi hiyo, na bado taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka. Nesi angekuja kulichukua saa nne. Alikwisha kusema kwamba akiikuta taa inawaka, gari linakwenda kwa fundi wa Tarime mjini na kwa Nashoni halirudi. Miaka sita Nashoni amelihudumia gari lile, na kulipoteza kungemuuma kuliko alivyotaka kuonyesha, kwa hiyo alikaa akanywa kahawa.

— Mkono wangu siutilii shaka, alisema. Sensa nimeifungua injini ikiwa na vuguvugu. Penye kutu nilipatia mafuta tangu jana. Ncha sikuigusa hata kwa kidole. Nimekaza kwa kiasi, mura, wala sikutumia nguvu.

— Nani amekulaumu? aliuliza Mwamba.

Mwamba jina lake ni Ngeleja. Alitoka Shinyanga kuja kuchimba dhahabu, na aliitwa Mwamba kwa sababu hakuna hoja iliyowahi kumpasua.

— Taa ndiyo inanilaumu.

— Taa ni mtu? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Jaza tanki, taa itanyamaza.

— Tanki limejaa, Mwamba.

— Basi limejaa mafuta gani? alidakia Revocatus, dereva wa bodaboda, ambaye kijiwe kizima kilimwita Wizara kwa kuwa kila alichokisema kilikuwa na tamko nyuma yake. Serikali ilishatoa tamko kuhusu mafuta ya chupa. Yale yanapitia Sirari, yanatoka upande wa pili wa mpaka. Mafuta ya Kenya yanataka sensa ya Kenya. Wewe umeweka ya wapi?

— Ya Japani.

— Umeona! Hapo hawawezi kuelewana.

Nashoni alimwangalia kwa hasira, kisha akasogeza kikombe. Ezra akamjazia. Mzee huyu hushika birika kwa mkono wa kushoto na kutoa hukumu kwa wa kulia.

— Mnaongea mafuta wakati kitu kinaitwa sensa ya oksijeni, alisema Ezra. Kinapima hewa. Gari hilo limezaliwa Japani, limezoea hewa ya huko. Wewe umewahi kumtoa ng'ombe Serengeti ukamleta Nyarero, akakubali majani siku ya kwanza?

— Mzee, gari lina miaka zaidi ya ishirini hapa.

— Lakini sensa ni ngeni! Ndiyo kwanza imeshuka. Ipe wiki mbili ijue malisho.

Benchi likacheka, na Nashoni naye akacheka bila kupenda. Mwamba hakucheka. Alikuwa anasubiri zamu yake, na alipoipata aliinuka kabisa.

— Nisikilizeni mimi niliyekaa chini ya ardhi. Kule mashimoni watu wanapumua nini?

— Hewa.

— Inatoka wapi? Inavutwa kutoka huku juu na mafeni. Mchana na usiku mafeni yanavuta. Sasa jumlisha mashimo yote ya hapa Nyamongo. Oksijeni ya huku juu imebaki kidogo! Sensa inanusa, inakuta haitoshi, inawasha taa. Sensa ni nzima, fundi ni mzima, mbovu ni hewa.

— Mbona pikipiki yangu haiwashi taa? aliuliza Wizara.

— Pikipiki yako ina sensa?

— Haina.

— Asiye na mwana aeleke jiwe.

Hakuna aliyejua jiwe hilo limeingiaje, lakini lilisemwa kwa sauti nzito kiasi kwamba Wizara alitikisa kichwa kukubali. Hata Nashoni alijikuta anaitamani nadharia ile. Ingekuwa raha iliyoje kumwambia nesi kwamba mbovu ni hewa.

Saa nne kasoro bodaboda ikasimama, nesi Tabitha akashuka na mkoba wake.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

Hakungoja wajibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akawasha, akaiona taa. Akazima, akarudi kusimama mbele ya benchi.

— Fundi, taa ileile.

— Mama, kabla hujaamua, nisikilize. Sensa zote mbili ni mpya.

— Kumbe ziko mbili? Za nini mbili?

Kwa miaka yote hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. Wote huuliza lini. Nashoni alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, na kujiamini kwake kote kukamrudia.

— Ya mbele inanusa moshi ukitoka tu kwenye injini, ndiyo inayoiambia injini ipunguze mafuta au iongeze. Hiyo ndiyo ilikuwa imekufa. Si ulikuwa unatoa moshi mweusi na petroli haikai?

— Kweli. Tangu uibadilishe petroli inakaa.

— Fundi huyo! alisema Mwamba.

— Na ya nyuma?

— Ya nyuma inanusa moshi uliokwisha kusafishwa. Ikikuta bado ni mchafu, inawasha taa.

— Unasafishwa na nini?

— Na masega, mama. Yako kama ya nyuki, yanakaa katikati ya bomba la ekzosi, moshi unapita humo...

Macho yake yakaenda chini ya gari. Mwamba aliinamia kikombe chake. Wizara akakumbuka kwamba kofia yake ya pikipiki inahitaji kufutwa.

— Haya, alisema nesi. Masega yangu yako wapi?

Mwezi wa tatu gari lilikuwa limekosa nguvu mlimani. Nashoni akakata bomba, akakuta masega yameziba kwa masizi, akayatoa na kuchomelea bomba likiwa tupu. Mafundi wengi hufanya hivyo. Lakini fundi wa kwingine angeyatupa, au angemwuzia mpita njia. Hapa Nyamongo, Wizara alisema kuna tamko kwamba ndani ya masega mna madini yanayoishinda dhahabu, na Mwamba akauliza kwa nini wampe mtu jiwe wakati karasha ya kusagia mawe iko hatua mia mbili. Wakayasaga yakawa unga. Wakauosha kwa zebaki kutwa nzima kama wanavyoosha mwamba wa dhahabu, na aliyeshika beseni alikuwa Nashoni mwenyewe.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angeweza kusema yameibwa. Hewa ya Mwamba bado ilikuwepo, na nesi hakuwa mtu wa magari.

— Hayapo, mama. Niliyatoa mimi mwezi wa tatu, yalikuwa yameziba. Nilipaswa kukwambia na kuweka mengine. Sikukwambia. Tuliyapeleka kwenye karasha tukayasaga.

— Ninyi?

— Sisi.

Nesi Tabitha aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, kuanzia Mwamba hadi Ezra, kama anayehesabu vichwa.

— Mkapata nini?

Ezra aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nashoni. Halikutoa kitu. Mwamba akachungulia ndani ya birika.

 Nesi akamtupia fundi ufunguo.

— Tafuta mengine, uyafunge. Mpaka hapo taa iache iwake, maana hapa ni yenyewe tu ndiyo imeniambia ukweli mapema.

Akapanda bodaboda ileile iliyomleta. Nashoni hakurudi kukaa. Aliufunga ufunguo ndani ya kiganja, akavuka barabara, akaingia chini ya gari.