Siku Tulichimba Maji ya Sabuni

Wapendwa, musipige makofi bado. Najua desturi yetu hapa paroisse, parokia yetu: mutu akiitwa mbele kutoa ushuhuda, anaanza na machozi na anamaliza na kazi, ao na bwana, ao na visa ya kusafiri. Mimi sina hata kimoja. Nilisoma géologie, elimu ya mawe na udongo, nikamaliza université miaka mingi sasa, na kazi ya géologie sijaipata mpaka leo. Maman présidente wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya kule juu ya mulima, njo amenisukuma nije. Nilimuuliza, "Maman, nitaenda kushuhudia nini?" Akajibu, "Utasema yenye ilifanyika, basi." Kwa hiyo nitasema yenye ilifanyika.

Siku tulipewa diplôme, watoto wa mutaa walinimwagia poudre nyeupe kichwani kwa kunishangilia mpaka sikuweza kufungua macho. Papa yangu ni mulimaji wa kule kijijini Mumosho aliyehamia mujini kwa ajili ya masomo yetu. Siku ile alichinja mbuzi, akavaa koti ya ndoa yake, na kila mugeni aliyeingia alimushika mukono akimuambia, "Huyu njo Ingénieur wangu." Tangu pale jina langu la ubatizo lilikufa. Hata mama muuza makala ananiita Ingénieur. Ni jina tamu, jamani, kama uko na kazi. Kama hauna, kila anayekusalimia anakuchoma bila kujua.

Nikaanza kuzunguka na dossier, makaratasi ya kuomba kazi. Vijana munaokaa kule nyuma, munajua kuzunguka na dossier ni nini. Munasoma matangazo kwenye mageti ya ma-ONG, yale mashirika ya misaada, munasukumana, munaandika haraka, halafu tangazo linasema wanataka mutu mwenye uzoefu. Uzoefu niupate wapi kama kila mutu anangoja mwingine anipe? Mahali pamoja walinipa stage, kazi ya kujifunza isiyo na mushahara. Nilijifunza kupika chai ya chef: sukari mbili, maziwa hapana. Mawe sikuyaona hata yale ya njiani, maana nilikuwa nafungiwa ndani na fotokopi.

Kuna siku nilikaribia. Nyumba moja ya kununua dhahabu ilikuwa inatafuta géologue wa kutuma Shabunda. Nilifika biro, bwana mukubwa akafungua dossier, akatazama picha, akanitazama mimi. "Kumbe wewe ni mwanamuke," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuficha. "Kule wachimbaji hawakubali mwanamuke akaribie shimo. Wanasema dhahabu inakimbia." Nikamujibu kwamba dhahabu haina miguu. Alicheka mpaka akapiga meza, akaniambia niko na akili sana, na kazi akampa kijana ambaye kule université mimi njo nilikuwa namuelezea mazoezi. Nilirudi nyumbani nikamuambia Papa wameahidi kuniita.

Kisha ikaja hii hali ya vita munayoijua wote. Mabenki ikafunga, ma-ONG ikaondoka, na ile mageti ikabaki bila tangazo hata moja. Sasa hata kukataliwa ilikuwa haiwezekani tena, maana hakukuwa na mutu wa kunikataa.

Ndugu zangu, nitasema neno moja ambalo labda litawaumiza, munisamehe. Kila Alhamisi shirika letu linakutana kwa sala, na kila Alhamisi walikuwa wananiombea. "Tumuombee mama fulani mwenye presha. Tumuombee binti yetu Ingénieur apate kazi. Tuwaombee marehemu wetu wote." Munasikia walikuwa wameniweka wapi? Katikati ya wagonjwa na marehemu! Miaka yote ile! Watoto walikuwa wanaitikia huku wanachezea viatu vyao, maana walizaliwa wakikuta naombewa. Walikuwa wananipenda, sikatai. Lakini mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Nikaacha kwenda sala. Nikaacha soko pia, sababu sokoni kuna lile swali, "Bado haujapata?" Nikaanza kupitia njia ya nyuma ya nyumba za watu, halafu nikaacha na hiyo. Nyundo yangu ya géologie, ile tulipewa kwa kuvunja mawe, mama mudogo wa pale nyumbani alikuwa anavunjia makala na mimi nilimuacha. Asubuhi nilikuwa najua hakuna sababu ya kuamka, basi nalala nikitazama ukuta. Papa alikuwa anakuja na kikombe cha chai, anakiweka kwenye mulango na kwenda zake. Bora angenifokea. Niliomba Mungu anichukue, nawaambia ukweli, na niliomba kwa moyo wote.

Musinitazame hivyo. Haya, ngoja niwaletee habari ya maji.

Kwetu robine za maji zilikauka zamani, tulikuwa tunaishi na chemchem moja chini ya njia. Mvua za mwisho zilikuwa kali, udongo wa mulima ukateleza usiku, asubuhi watu wanaenda na mabidon yao ya kutekea wanakuta chemchem imezikwa. Hakuna maji. Wamama wakaanza kushuka mpaka ziwani na kupanda tena na bidon mugongoni. Chef d'avenue, mukubwa wa mutaa wetu, akasema ataandika rapport kwa wakubwa wake. Alhamisi ile, nilivyosikia baadaye, katikati ya maombi maman présidente alifunga kitabu akasema, "Tuko na Ingénieur wa udongo mu shirika, na tunabeba maji ya ziwa? Tunamuombea kazi na kazi hii hapa!"

Wakaja wote kwetu na nyimbo zao. Mimi niko na kitambaa cha kulalia kichwani. Nikawaambia siwezi, sina hata vyombo vya kupimia.

Maman présidente akanitazama hivi. "Kwani kule université ni vyombo njo vilisoma?"

Watu wakacheka, na mimi, hata sijui ilikuwaje, nikacheka kidogo. Kesho yake nilitoka. Nilipanda mulima, nikashuka, nikagusa udongo, nikatazama wapi mwamba unatokea na wapi udongo mwekundu unaanza. Nikaona mahali ambapo matete na magugu ya maji yalikuwa yamestawi, mabichi kabisa, wakati pembeni kote pamekauka. Kitabu kinasema hivyo hivyo: tafuta majani ya maji, chini yake kuna maji. Nikasimika kijiti, nikasema, "Hapa."

Wapapa walichimba na majembe na sururu. Watu wazima wenye kazi zao, fundi viatu, mwalimu asiyelipwa, dereva wa pikipiki, wanavua mashati kwa sababu mimi nimesema hapa. Kamwe sijaogopa namna ile. Jumamosi ya pili, sururu ikazama na maji yakatoka! Wamama walipiga vigelegele mpaka watu wa mulima wa ng'ambo wakatoka nje. Papa yangu alinishika mikono yote mbili, alikuwa analia, anasema, "Ingénieur wangu, Ingénieur wangu." Mimi pia nililia. Nilisema Bwana, sasa unaweza hata kunichukua, nimeshaona.

Maman présidente akainama, akateka na kiganja, akapeleka mudomoni. Akatema. Akanusa kiganja.

"Hii ni sabuni," akasema.

Wapendwa, ilikuwa maji ya douche. Kule juu walikuwa wamejenga nyumba mpya, na maji yao ya kuoga na ya kufua yalikuwa yanazama mu udongo na kutokea palepale chini ya majani yangu mazuri. Tulikuwa tumechimba kwa jasho lote lile kufuata uchafu wa majirani. Kitabu hakikuandikwa kwa mulima kama wetu, wenye nyumba imekaa juu ya kichwa cha nyumba. Lakini macho nilikuwa nayo, na miguu ya kupanda kuuliza nilikuwa nayo, na sikupanda.

Ni kijana mumoja tu alicheka, na mwenzake akamupiga kiwiko. Wengine walikusanya majembe, wakaondoka. Nilikimbia nyumbani. Nikamuambia Papa, "Ungenunua ng'ombe na ile pesa ya masomo, leo ungekuwa unakunywa maziwa." Nilijifungia juma zima. Nilikuwa najua sasa wana haki, wote walionikataa, hata yule wa dhahabu. Walikuwa wameona kitu ndani yangu ambacho mimi sikukiona. Sikuwa tena na hata kile kidogo cha kujiambia kwamba siku moja wakinijaribu wataona.

Jumamosi asubuhi nikasikia mulango. Nilifikiri ni Papa na chai. Nikafungua, na nje wamesimama walewale, majembe mabegani, fundi viatu mbele.

Akasema, "Ingénieur, sasa wapi?"

Nikamuambia, "Papa fundi, sijui. Niliwadanganya hata bila kutaka. Sijui."

"Sisi pia hatujui," akasema. "Vaa viatu."

Ni hayo tu. Hakunipa mahubiri. Wala hawakusema wamenisamehe, maana hawakuona kama kuna kitu cha kusamehe. Fundi viatu akikata ngozi vibaya, anakata nyingine. Kwao mimi nilikuwa mufanyakazi aliyekosea, na mufanyakazi aliyekosea anaendelea na kazi. Nawaambia nilishindwa kufunga kamba za viatu kwa machozi. Miaka yote nilikuwa nawalilia watu waniamini kwamba naweza. Hawa walikuwa wameona kwa macho yao nikishindwa, na wamekuja kunichukua.

Safari hii nilipanda kwanza kule juu, nikauliza nyumba kwa nyumba maji yao machafu yanaenda wapi. Wengine walinifukuza, wakifikiri natumwa na watu wa kodi. Tulichimba mahali pa pili tukakuta mwamba mutupu, tukaacha. Mahali pa tatu, ukingoni pa ile chemchem ya zamani, tulipata uzi wa maji. Musifikiri ni mto. Bidon moja inajaa polepole mpaka wamama wanagombana, na tunachemsha yote kabla ya kunywa. Kiangazi kikiwa kikali labda utakauka, siwezi kuwaahidi kitu. Nikilala nasikiliza kama mabidon bado yanagongana, na nikisikia kimya naogopa.

Kazi, kama nilivyosema, sijapata. Kesho sina pa kupeleka dossier. Kuna asubuhi ule ukuta unaniita tena, na kuna asubuhi naitika. Sitawaficha hilo ili ushuhuda upendeze.

Namushukuru Papa kwa vile vikombe vya chai. Sikuvinywa vyote lakini nilivihesabu kuwa upendo. Namushukuru maman présidente aliyefunga kitabu, na aliyetema maji mbele yangu bila kunidanganya kwamba ni matamu. Nawashukuru wapapa wa shirika, wako pale nyuma, wanaona haya, musiwatazame sana.

Na ninyi wazazi, neno langu ni hili. Kama nyumbani kwenu kuna mutoto amelala na diplôme yake, mumuombee, ndiyo, lakini musikomee pale. Mumutafutie kazi yenye alisomea, hata ndogo, hata bila mushahara, mumuachie mikononi mwake. Ataiharibu, nawaambia mapema, maana hajawahi kuifanya. Akishaharibu, atajifungia ndani. Muende mumugongee mulango.