Mwacheni Lukasi Alale Kaburini Mwangu

Ashrafu, Doto, wanangu, sogeeni upande huu wa jicho zima niwaone, maana sauti inakwisha na sitaweza kurudia. Nimechoka. Si ugonjwa peke yake; nimeuchoka mwili huu unaopigwa tangu ujana.

Shamba la mpunga la Tindiga ni la Doto, kwa kuwa ndiye aliyelihangaikia. Ashrafu, nyumba hii ya Kilosa ni yako, na mkanda wa ubingwa pia, ila usiutundike ukutani. Wape vijana unaowafundisha ngumi kule Mikumi waushike waone ulivyo mzito. Kwenye ngumi za ridhaa nilipigana ndani ya kamba za katani, watu wakanibeba mabegani mpaka stesheni, nikadhani raha ile haina mwisho. Nikaingia ngumi za kulipwa, nikawa bingwa, nikautetea ubingwa hadi nilipokutana na Lukasi, mtani wetu wa ukoo, ndipo jicho likazima.

Juzi alikuja kunijulia hali. Nilikusikia, Doto, ukimwambia mlangoni, "Jicho ulishamtoa, umefuata nini tena?" Akaondoka kimya. Mtani akose la kusema! Iliniuma kuliko ngumi yake.

Sikilizeni. Ulingoni sote tulikuwa kazini. Hata mimi nililenga jicho lake, yeye akaniwahi. Miaka yote hii mmemchukia kwa niaba yangu, na mimi sikuwatuma.

Nikifa, kabla hamjaanza kuchimba, Ashrafu panda pikipiki umfuate Mikumi. Mwamkie kwanza, ndipo umpe habari. Atakuja na vituko vyake: ataigiza nilivyoanguka, ataniita bingwa wa kulala, atajilaza kaburini mwangu adai ni lake, na hatatoka mpaka apewe jogoo. Mpeni. Na wewe Doto, ucheke. Najua utakuwa unalia. Cheka hivyo hivyo. Nikizikwa bila mtani, mtakuwa mmenizika kama mpita njia aliyefia barabarani, na mimi ni mtu wa hapa hapa.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha. Radhi zangu mnazo, wote wawili. Mungu awape afya, awape watoto wanaowasikiliza. Msigombane.

Doto... hiyo simu yako ina chaji? Mpigie Lukasi sasa hivi. Mwombe radhi, mwambie aje anitanie... nikiwa bado nasikia.