Gundi Hajaamka

Benchi letu linatazamana na geti la hospitali, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Leo tulikuwa watatu: mimi, Kinyozi, na Redio, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Gundi, fundi viatu, hayupo. Msumari ulimchoma unyayo, kidonda kikaoza, usaha ukapanda mpaka gotini. Asubuhi wamempasua. Mpaka alasiri hii hajaamka.

— Wamezidisha dawa ya usingizi, — alisema Kinyozi.

— Wapi! Gundi hajalala vizuri tangu aoe. Leo kapata nafasi. Haraka haraka haina baraka.

— Redio, mwenzetu yuko kwenye mashine! — Kinyozi akamkemea.

— Basi ni usaha. Umepanda kichwani, ukaziba masikio. Wanamwamsha, hasikii.

— Usaha masikioni? Mungu wangu!

— Au ni moyo, — nikasema.

Wakaweka vikombe chini. Juzi, hapa hapa, Gundi alituuliza: akiulizwa kama ana ugonjwa wa moyo, aseme? Maana mlango mmoja wa moyo wake umebana, na mwaka juzi upasuaji wake wa ngiri uliahirishwa kwa sababu hiyo.

— Ukisema, watakuahirisha tena, mguu uishe, — Redio alimwambia.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, — akadakia Kinyozi.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikamalizia:

— Kaka, sema huna.

Akaenda, akasema hana.

— Tulimtakia mema, — Kinyozi alisema sasa.

— Mema gani haya? — nikamfokea. Najuta, jamani.

Mara akatokea binti wa Gundi, anatoka getini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Vipi baba?

— Bado. Walipomlaza tu, presha ilishuka ghafla, moyo ukashindwa. Daktari wa usingizi amesikitika sana. Anasema angejua, asingemlaza kabisa. Angeutia ganzi mguu tu, baba awe macho muda wote. Na asingeahirisha, kwa sababu usaha haungoji.

Redio akainamia viatu vyake.

— Baba zangu, nyinyi ndio mnakaa naye kutwa, — akasema binti. — Nani alimwambia aufiche moyo wake?

Kinyozi akakohoa. Mimi nikamjazia binti kikombe ambacho hakuomba, nikamnyooshea. Hakukipokea. Alisimama pale pale, akitutazama mmoja mmoja, akingoja.